Sekunde Kumi na Moja za Mteremko

Nilikuwa nimekanyaga mafuta mpaka mwisho. Pedeli ilikuwa imelala kabisa, kiatu changu kimeshika bati, na hapakuwa na pengine pa kukanyaga. Kushoto kwetu lilikuwa lori la saruji, refu, lina trela. Tulikuwa sambamba na matairi yake ya nyuma. Nikaangalia mbele, nikaangalia tena kushoto: bado tuko kwenye matairi yale yale. Mshale wa spidi ulikuwa hamsini na tano. Ukawa hamsini na saba. Mbele, juu ya mwinuko, likatokea basi.

Mke wangu alikaa kiti cha mbele, upande wa lori. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza mbona maji hayachemki:

"Baba watoto, mbona haiendi?"

Nyuma ya lori, pale nilipotoka, gari nyingine ilikwisha kuziba nafasi. Basi likawasha taa, likapiga honi, na honi haikukatika. Nikakata kushoto. Basi likapita na mlango wangu, likanivunja mguu. Trela likachukua upande wa pili, na upande wa pili ndiko alikokaa yeye.

Hilo ndilo neno lake la mwisho duniani: mbona haiendi. Sasa sikiliza kilichoandikwa polisi. Kimeandikwa mwendo kasi.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini hata mtu wa darasa la nne anajua kwamba mwendo kasi na mbona haiendi haviwezi kukaa kwenye gari moja, siku moja, saa moja. Kimoja ni uongo. Mimi nilikuwemo ndani ya gari. Aliyeandika hakuwemo.

Nianze nyuma kidogo.

Nimekulia kwenye ng'ombe. Baba yangu alilima kwa maksai wanne, na alipokwenda mnadani kununua maksai mwingine alinichukua ili nijifunze. Wenzake walitazama pembe, walitazama kifua, walimpiga mnyama kofi mgongoni na kusema huyu ni jeshi. Baba hakutazama pembe. Alimwambia muuzaji, "Mfunge nira, aburute lile gogo." Muuzaji akisema, "Mzee, huyu hana haja ya gogo, mtazame tu alivyo," baba aliondoka bila kuaga. Aliniambia njiani, "Ng'ombe wakiwa wamesimama tu, wote wana nguvu."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka tisa. Yangekaa kichwani leo nisingekuwa naandika.

Nilipokua nikaenda Geita kuchimba. Miaka tisa nilikuwa mtu wa duara, yaani shimo la dhahabu: kushuka kwa kamba, kupasua mwamba, kuvuta viroba vya mawe juu kwa winchi ya mkono. Mara mbili duara liliporomoka nikiwa nje nakunywa uji. Mara ya pili tulifukua wenzetu wawili. Niliporudi nyumbani Ngokolo na matope ya msiba ule kwenye buti, mke wangu alichukua buti akazitupa kwenye shimo la taka.

"Mimi sitaki mume wa kufukuliwa," alisema. "Tafuta kazi ya juu ya ardhi."

Basi kazi ya juu ya ardhi tuliyoitafuta ni mchomoko. Huku kwetu mchomoko ni gari ndogo ya kubeba abiria na mizigo, ya kuchomoka haraka kabla basi halijajaza. Yeye alikuwa anauza mchele Shinyanga mjini. Mchele anautoa Kagongwa kwenye mashine. Tukasema gari itabeba mchele wake, viti vilivyobaki vibebe abiria. Udereva nilikwisha kujifunza kwenye pikapu ya tajiri mmoja wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na leseni ninayo. Tukakusanya akiba yetu yote ya Geita, tukaenda Kahama.

Huko Kahama kuna yadi ya magari. Simtaji jina mwenye yadi, maana yeye mwenyewe anajijua na wateja wake wanamjua. Ni yule anayezungusha funguo kidoleni huku anaongea. Alitupokea kwa shikamoo kubwa wakati tuko rika moja, akatuita baba na mama, akamletea mke wangu soda. Akafungua boneti. Akawasha gari, akavuta waya wa mafuta kwa mkono, injini ikanguruma mpaka bati la paa likatetemeka.

"Mnasikia? Hosipawa mia na tisa," alisema. "Karatasi hii hapa kutoka Japani. Farasi mia na tisa, baba! Ukoo mzima wa farasi umo humu ndani."

Mke wangu akauliza, "Itaweza mchele na watu?"

"Mama, mchele? Hii mchele haiuoni. Twendeni mkajionee."

Tukapanda mimi na yeye tu. Mke wangu alitaka kupanda, akaambiwa abaki amalizie soda yake. Nililikumbuka hilo baadaye. Tukatoka, tukafika mahali barabara imenyooka, akasimamisha gari katikati ya lami kama barabara ya babake. Akanipa simu yake, inahesabu sekunde. "Bonyeza nikikuambia." Akaondoka. Mgongo wangu ukanasa kwenye kiti. Mshale ulipogusa mia akapiga kelele, "Bonyeza!" Nikabonyeza. Sekunde kumi na moja.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Sikuambii mimi, simu ndiyo inakuambia."

Wakati wa kurudi tulikwenda taratibu, simu iko mfukoni kwake, ananifundisha namna ya kutunza gari. Maneno yake nayakumbuka yote. "Usiwe unabadilisha gia ovyo ovyo, unakula mafuta bure na unachosha gia boksi. Ukishaingia ya nne, kaa ya nne. Ukitaka kuovateki, kanyaga tu. Farasi mia na tisa hao, itaondoka."

Nami nilimwamini, na nitasema kwa nini, maana watu wananicheka. Mtu aliyekulia mjini pengine asingeamini. Mimi nimelima na maksai. Maksai nguvu yake iko kwenye hatua ya kwanza. Anakwenda polepole, lakini nguvu yote ipo pale pale. Ukiwa mlimani na mkokoteni umejaa, humgusi, humchapi, na hata siku moja hufungui nira katikati ya mlima ukafunga nyingine, mkokoteni utarudi nyuma ukuue. Niliposikia kubadili gia mlimani, kichwani mwangu ilikuwa ni kufungua nira mlimani. Na niliposikia farasi mia na tisa, niliwaona mia na tisa wamefungwa mbele ya gari, wote wanavuta tangu hatua ya kwanza. Nani angeniambia kwamba farasi wa injini hawaji mpaka uwapigie kelele?

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Abiria wawili, watatu, barabara tambarare, mchele kidogo. Nikipita baiskeli na malori yaliyojichokea. Mke wangu akawa anakaa mbele anaimba nyimbo za kwaya, akinikuta nimekaa gia moja muda mrefu ananitania, "Dereva wangu wa maksai."

Halafu ikafika ile asubuhi. Mavuno ya mpunga yalikuwa yameingia, akafunga magunia manne Kagongwa. Nyuma walikaa wafanyabiashara wawili, watu wazima wenye miili yao. Walivunjika mikono na mbavu, lakini wako hai, namshukuru Mungu. Tulipita Isaka. Tukakuta lori la saruji linapanda mwinuko mdogo, mwinuko ambao ukipita kwa miguu huuoni. Nikaangalia mbele, kweupe. Nikahesabu kichwani: kama sifuri mpaka mia ni sekunde kumi na moja, basi mimi niliye hamsini na tano nimebakiza nusu. Sekunde tano nimeshalipita. Nikatoka, nikiwa gia ya nne, nikakanyaga.

Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Tulimzika Didia, kwao. Mimi nililetwa kutoka hospitali nimelazwa nyuma ya pikapu, mguu una vyuma. Mama mkwe wangu hakulia mbele yangu. Alisogea karibu na ile pikapu, yeye ambaye kwa heshima ya ukwe hajawahi kunisogelea kiasi kile, akasema kwa Kisukuma, polepole, neno ambalo kwa Kiswahili ni hili: "Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Sikujibu. Mkwe habishani na mama mkwe, na juu ya kaburi haifai hata kufungua mdomo. Akangoja. Akaondoka. Toka siku hiyo hajaniuliza kingine, na watoto wangu wanaolelewa kwake wanakua na swali hilo ndani ya nyumba.

Nilipoanza kutembea kwa magongo nikaenda kwa fundi. Huyu ni mtu wangu wa Geita. Zamani alikuwa karakana ya magari makubwa ya mgodini, sasa ana gereji yake Ngokolo. Nilimwambia, "Nataka unieleze farasi. Toka mwanzo. Kama unamweleza mjinga."

"Farasi umewahi kumwona?"

"Kwenye picha ya kanisani."

"Basi msahau farasi. Wewe ni mtu wa duara. Kwenye winchi mlikuwa mnavuta wangapi?"

"Wanne."

"Kiroba kilo ngapi?"

"Sabini, themanini."

"Weka sabini na tano. Mita ishirini mlivuta kwa muda gani?"

Nikafumba macho, nikazungusha winchi kichwani. "Ukihesabu taratibu, mpaka arobaini."

Akachora kwa msumari kwenye vumbi. "Farasi mmoja ni hivi: kilo sabini na tano ziende juu mita moja kwa sekunde moja. Na sekunde inayofuata mita nyingine. Ninyi mlikuwa mnapandisha nusu mita kwa sekunde. Kwa hiyo nyote wanne mlikuwa nusu farasi."

"Na mimi peke yangu?"

"Wewe ni sehemu ya nane ya farasi." Akanitazama. "Labda mkia."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilijisikia vibaya kucheka.

Kisha akanieleza mia na tisa zinavyopatikana. Injini ikiwa mpya kabisa, kabla haijaona vumbi la Kahama, inafungwa juu ya meza ya chuma. Pale inapotoka nguvu panafungwa breki kubwa. Injini inasukuma kuzunguka, breki inaikatalia, na watu wenye vyombo wanasoma inasukuma kwa nguvu kiasi gani na inazunguka mara ngapi kwa dakika. Hizo mbili wanazizidisha, ndipo wanapata farasi. Wanapandisha mizunguko, wanapima, wanapandisha, wanapima, na ile namba kubwa kuliko zote ndiyo wanayoandika kwenye karatasi.

"Na hiyo namba kubwa inapatikana wapi?" niliuliza.

"Kwa injini yako, mizunguko elfu sita. Injini inalia kama mbuzi anayechinjwa. Wewe siku ile ilikuwa inalia?"

"Haikulia. Ilikuwa inaguna."

"Gia ya ngapi?"

"Ya nne."

"Hamsini na tano, gia ya nne." Aliweka msumari chini. "Kaka, pale ulikuwa kwenye mizunguko kama elfu mbili. Farasi mia na tisa hawakuwepo. Walikuwepo thelathini kama si pungufu. Toa wanaoliwa na gia boksi njiani kabla ya kufika kwenye tairi. Toa uzee wa injini. Waliobaki wabebe watu wanne na magunia manne, tena wapande mlima. Wa kuovateki umemwona wapi hapo?"

Nilimuuliza swali nililokuwa naliogopa. "Ningerudisha ya tatu?"

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, mikono ambayo haikuwa na mafuta. "Ingeondoka," alisema.

"Tungepona?"

"Hilo sijui. Lakini ingeondoka."

Hilo nalibeba. Naliandika hapa ili asije mtu akasema nimelificha. Sikuivutisha gari gogo kama baba. Sikurudisha gia. Lakini nilikuwa na swali moja bado: zile sekunde kumi na moja mbona niliziona kwa macho yangu?

"Mlipimia wapi?" fundi aliuliza. Nikamweleza. "Wanaopima kwa haki wanatafuta barabara tambarare, wanapima kwenda, wanageuza, wanapima kurudi, halafu wanachukua ya katikati. Hapo mteremko na upepo haviwezi kusema uongo. Ninyi kwenda mlipima. Kurudi mlipima?"

Hatukupima. Simu ilikuwa mfukoni kwake. Kurudi alikuwa ananifundisha gia.

Kesho yake nikapanda basi mpaka Kahama na magongo yangu. Nikanunua chupa ya maji. Nikaenda mpaka pale pale alipotusimamishia, napajua kwa nguzo ya umeme iliyopinda. Nikangoja magari yapungue, nikailaza chupa kwenye lami. Ikakaa kidogo, kama inafikiri. Halafu ikaanza kubingirika, ikaenda, ikaenda, kuelekea kule kule tulikokimbilia siku ile, na mimi na magongo yangu siwezi kuifuata.

Mteremko. Kwa macho hauonekani, nchi yetu ni pana na inadanganya. Lakini yeye anaujua. Hukutani na mahali kama pale kwa bahati, unapatafuta. Ndiyo sababu mke wangu aliachwa na soda. Mtu mmoja pungufu, kilo hizo pungufu.

Nilimkuta yadi, anazungusha funguo. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja gari. Nikamwambia habari ya chupa. Akacheka, akawageukia wateja wawili waliokuwa wanatazama gari jingine.

"Mzee huyu kaua mke wake barabarani, sasa kaja kushtaki farasi!"

Nikamwambia, "Uliniambia nikae gia ya nne."

"Mimi nilikuambia kwa gari tupu. Nilikuambia ujaze kama meli?"

"Mke wangu alikuuliza mchele. Mbele yangu. Ukasema haiuoni."

Hapo hakucheka. Alisema ana wateja. Wale wateja wawili walitazama chini, lakini hawakuondoka; nasikia mmoja alinunua.

Basi nikaenda polisi kwa yule askari wa barabarani aliyeandika. Nilimwomba afute mwendo kasi aandike ukweli, kwamba gari ilishindwa kwenda. Nikamweleza gia, mizunguko, chupa. Alinisikiliza na kalamu mkononi, nikadhani anaandika. Alikuwa anachora maua pembeni ya daftari.

"Mzee," alisema, "mtu hafi kwa kwenda polepole."

"Wewe ulipima mwendo wangu kwa kifaa gani? Ulikuwepo?"

"Umeovateki, umegongana, mtu amekufa. Huo ni mwendo kasi. Ndivyo tunavyoandika."

Ndivyo wanavyoandika! Kwa hiyo hata angekufa mtu kwenye gari iliyoegeshwa wangeandika mwendo kasi. Na yule mkaguzi aliyebandika stika ya gari salama kwenye kioo changu siku tuliyoinunua, akiwa ameketi kivulini, hakuiwasha, hakuifungua boneti, hakuniuliza nitabeba nini, yeye kaandikwa wapi? Hayumo. Kwenye karatasi yote ile tumo wawili tu, mimi na marehemu.

Sasa nasema mbele ya kila atakayesoma. Wewe askari, huna haja ya kusoma haya yote. Soma maneno mawili tu ya marehemu, halafu rudi kwenye daftari lako ukatazame ulichoandika. Wewe mkaguzi, siku nyingine simama, toka kivulini.

Na wewe wa yadi, mwenye funguo. Sikutaki mahakamani, mahakamani utakuja na karatasi ya Japani na itakutetea. Nakutaka barabarani. Lete gari ya aina ile ile. Fundi atakuja, mimi nitakuja. Tutapanda watu wanne, tutapakia magunia manne, tutaanzia chini ya ule mteremko wako, tukielekea juu, gia ya nne, kama ulivyonifundisha. Utaendesha wewe. Simu nitashika mimi.

Zikitimia sekunde zozote zitakazotimia, hatutarudi yadi. Tutanyoosha mpaka Didia. Kuna mama pale ana swali, kaliuliza mara moja juu ya kaburi la mwanawe na hakujibiwa, na mimi adabu ya ukwe imenifunga mdomo. Wewe haikufungi. Utavua kofia, utamwamkia, utakaa chini. Halafu utamwambia mwenyewe mimi na mwanawe tulikuwa tunakimbilia wapi ndani ya gari isiyokwenda.